Namna ya kupunguza mkaa na gesi bila kuacha kupika maharage nyumbani

Mama Kimara aliuliza:

Habari za majukumu, ndugu zangu. Sisi ni familia ya watu sita tunaoishi Kimara, Dar es Salaam: mimi na mume wangu, watoto watatu wanaosoma shule ya msingi, na mama mkwe ambaye amekuja kuishi nasi. Tulikubaliana kwamba tutakula chakula kinachopikwa nyumbani kutokana na nafaka na jamii ya kunde, tukaachana na soseji, tambi za pakiti na vinywaji vya chupa, na kwa upande wa sokoni uamuzi huo umetusaidia sana, kwa sababu maharage, choroko na dagaa ni nafuu kuliko nyama na watoto wameshavizoea.

Kinachotushinda ni moto. Maharage mekundu tunayonunua gengeni huchukua zaidi ya saa mbili kwenye jiko la mkaa, na siku ya makande ndiyo usiseme. Mkaa tunaununua kwa kopo kwa kuwa hatuna stoo ya kuweka gunia, na mtungi wa gesi wa kilo 6, ambao tulikusudia uwe wa chai na wa kupasha chakula tu, huisha kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu mkaa ukilowa au ukipanda bei tunahamia huko. Nikipiga hesabu naona kwamba tulichookoa kwa kutonunua nyama kinakwenda kuchomwa jikoni.

Mama mkwe anashauri magadi. Jirani yangu hutia vidonge vya kutuliza maumivu ndani ya sufuria na anasema maharage yanalainika mara moja. Wapo pia wanaoniambia nikubali tu kununua maharage yaliyochemshwa kwa mama ntilie. Ningependa kusikia kutoka kwa watu wenye familia kama yangu wanafanyaje. Mimi narudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni, kwa hiyo njia inayomtaka mtu asimame jikoni mchana kutwa haitanifaa, ingawa mama mkwe yupo nyumbani na bado ana nguvu zake.

Mwalimu Mstaafu (Dodoma) alijibu:

Mama Kimara, pole kwa gharama na hongera kwa uamuzi. Nilifundisha somo la sayansi kimu hadi nilipostaafu, na jambo unalouliza linahitaji jibu refu kidogo.

Vidonge hivyo mwambie jirani aviache. Parasetamo ikizidi kiwango huharibu ini, na hakuna anayeweza kupima kiwango ndani ya sufuria inayoliwa na watoto.

Sasa tuangalie mkaa wako unakwenda wapi. Maji yakishachemka hayaongezeki joto tena, hata ukipepea jiko namna gani. Moto wa ziada huyageuza kuwa mvuke tu, ndiyo maana mpishi wa maharage hushinda akiongeza maji. Kinacholainisha punje ni joto kali linalokaa muda mrefu bila kushuka. Kwa hiyo moto unauhitaji kwa ajili ya kuifikisha sufuria kwenye mchemko na kuishikilia hapo kwa muda mfupi, na baada ya hapo kazi inayobaki ni kuzuia joto lisitoroke. Kazi hiyo inafanywa vizuri kabisa na kikapu.

Tafuta kikapu kikubwa cha ukindu au miyaa, au boksi gumu, ambamo sufuria yako ikikaa hubaki nafasi ya upana wa kiganja kila upande. Shona mifuko kwa khanga kuukuu, uijaze sufi au vipande vya nguo zilizochakaa vilivyokatwakatwa, kisha uipange chini na pembeni. Usishindilie, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi, na ukikandamiza sana unaifukuza. Mto wa juu uwe mnene kuliko yote na ufunike hadi ukingoni, kwani joto jingi hutafuta njia ya kutokea juu. Sufuria inayofaa ni ile yenye mfuniko unaobana na isiyo na mkono mrefu.

Usiku loweka maharage kwenye maji mengi, mara tatu ya ujazo wake. Asubuhi yamwage maji hayo, kwa maana yamebeba sehemu ya zile sukari zinazoleta gesi tumboni, suuza na utie maji mapya yanayopita juu ya maharage kwa vidole viwili tu, kwa kuwa ndani ya kikapu hayatapungua. Kwa joto la Dar es Salaam yasilowekwe kwa zaidi ya muda wa saa kumi na mbili. Ukiona povu juu na harufu ya kuchacha, ujue umechelewa.

Hatua inayofuata haina mkato. Chemsha kwa nguvu, sufuria ikiwa imefunikwa, kwa dakika 15 hadi 20 mfululizo. Maharage mekundu yakiwa mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo huvunjwa na mchemko kamili wa dakika 10 au zaidi, lakini joto la chini ya mchemko haliivunji. Mtu anayeyatia kikapuni yakiwa yamepata vuguvugu anaweza kuifanya nyumba nzima itapike. Yakishachemka vya kutosha, iondoe sufuria motoni bila kuifunua, itie kikapuni mara moja na ufunike. Baada ya muda wa saa tatu au nne yatakuwa yameiva. Sufuria iwe imejaa walau theluthi mbili, kwa sababu wingi wa maji na maharage ndio unaobeba joto, na kiasi kidogo ndani ya sufuria kubwa hupoa upesi.

Mkaa unaobaki jikoni baada ya hizo dakika 20 usiuache uishe wenyewe wala usiumwagie maji. Uchukue kwa koleo uutie kwenye kopo la bati lenye mfuniko, nje ya nyumba, nao utazimika kwa kukosa hewa ukiwa mkavu na tayari kwa kesho. Nasisitiza nje ya nyumba, maana hewa ya mkaa haina harufu na huua watu waliolala.

Mkulima wa Hai alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Maelezo yako yametosha kuhusu moto, nami naomba nizungumzie maharage yenyewe, kwa kuwa mara nyingi jiko hulaumiwa kwa kosa la ghala.

Maharage yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu hubadilika ndani, ganda na kiini vikawa vigumu, na hata ukiyaloweka usiku kucha hayatalainika kama mapya. Dada, maharage ya gengeni Dar es Salaam huwezi kujua yamepitia maghala mangapi. Yaangalie kabla ya kununua: yaliyozeeka huwa yamefifia mng'ao na rangi yake imeelekea kwenye weusi au kahawia. Muulize muuzaji kama ni mavuno mapya, kisha nunua sado moja tu na ulipike kabla ya kuchukua kiasi kikubwa. Kama una nafasi ya kuchagua, maharage ya njano na kablanketi huiva mapema kuliko mengi ya mekundu, na tofauti ya bei kwa kilo unaweza kuirudisha kwenye mkaa.

Ukipata mapya, ambayo huanza kushuka bei baada ya mavuno ya masika, kuanzia mwezi wa saba, nunua ya miezi kadhaa mkiwa wawili au watatu mliochangishana. Yaanike yakauke sawasawa, yatie kwenye madumu safi na makavu hadi mdomoni kabisa na ufunge kizibo kwa nguvu. Mdudu anayebungua maharage anahitaji hewa kama sisi. Dumu likiwa limejaa na limefungwa, hewa iliyomo humalizika naye hufa bila dawa yoyote.

Kuhusu magadi, mama yetu hakosei anaposema yanalainisha, kwa sababu kweli yanalainisha, na bibi zetu waliyatumia kwa maharage, kisamvu na mlenda. Tatizo ni kwamba yanaharibu vitamini B1, ambayo ni mojawapo ya faida za kula maharage, na tena magadi yanayotoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa huwa na floridi, mengine kwa wingi. Sisi wa Kilimanjaro na Arusha hatuhitaji kuelezwa floridi ni nini, tunaiona kwenye meno ya kahawia ya watoto wetu. Wanaoathirika ni watoto wadogo ambao meno yao ya ukubwani bado yanajengeka. Kwa nyumba yenye watoto wa shule ya msingi, mimi ningeyaacha.

Maji nayo yana lake. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, huchelewesha maharage kulainika. Kama mnatumia kisima, jaribu kuloweka na kupikia kwa maji ya mvua au ya bomba na uone tofauti. Nyanya, ndimu na ukwaju visitiwe kabla maharage hayajaiva, kwa sababu uchachu huyafanya yakatae. Chumvi kwa upande wake inasingiziwa. Wengi tumelelewa tukiambiwa kwamba chumvi huyafanya maharage yawe magumu, ilhali kijiko kimoja kwenye maji ya kulowekea husaidia kulainisha ganda. Najua hili litaleta ubishi.

Bi Mkubwa wa Mombasa alijibu:

Ubishi wenyewe nimekuja nao, ndugu yangu wa Hai, ijapokuwa si wa chumvi. Mimi sikatai kikapu, nimekiona kikitumika na maharage yakaiva. Ninachokataa ni kukisifu kana kwamba kimemaliza matatizo ya jikoni. Chapati hazipikwi kikapuni, wala mahamri, wala samaki wa kukaanga, na nyumba nyingi za huku pwani hupika vitu hivyo kila siku. Kwa hiyo jiko lenyewe nalo litazamwe.

Kama Mama Kimara bado anatumia jiko la bati tupu, sehemu kubwa ya joto lake inapasha uani. Anunue lile lenye kiuno chembamba na udongo wa kuchomwa ndani, ambalo huku Kenya limeenea tangu miaka ya 1980 na huko Tanzania pia linapatikana kila soko. Udongo ukipasuka baada ya muda, fundi huubadilisha huo peke yake na bati likabaki lile lile. Angalia kama udongo umeshikamana vizuri na bati pasi na nafasi, na kama mlango wa hewa chini unafunga sawasawa, kwa sababu mlango huo ndio unaokuwezesha kutuliza moto chakula kikishachemka. Nimeona watu wana jiko zuri na mlango u wazi tangu asubuhi hadi usiku.

Makaa ya mkebe, au kopo kama mnavyosema, ni ghali kuliko ya gunia kila unapolinganisha uzito, na chenga unauziwa humo humo. Kama huna stoo, shirikianeni gunia moja na majirani wawili na mgawane siku hiyo hiyo. Zile chenga zinazobaki chini usizitupe. Zichanganye na udongo kidogo na maji, zifinyange madonge ya ukubwa wa ngumi na uyaanike hadi yakauke kabisa. Huwaka polepole na yanafaa kwa kazi ya kuchemsha, si ya kukaanga.

Na kwa wapenzi wa mbaazi za nazi: chemsheni mbaazi kwa maji peke yake kikapuni kama alivyoeleza Mwalimu, kisha tui litiwe mwisho, juu ya moto. Tui likikaa kwenye joto lisilochemka muda mrefu huchacha, na hapo umepoteza nazi na mbaazi kwa pamoja.

Fundi wa Kigamboni alijibu:

Naona hakuna aliyetaja umeme, pengine kwa sababu tumezoea kuamini kwamba kupika kwa umeme ni kwa matajiri. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, lakini mazungumzo mengi ninayoyasikia mitaani ni ya mitungi ya gesi tu.

Sufuria ya presha ya umeme hufungwa kabisa, mvuke hukosa pa kutokea, na kwa sababu ya mgandamizo huo maji yaliyomo hupanda hadi zaidi ya nyuzi 110 badala ya kuishia 100. Maharage yaliyolowekwa huiva ndani ya muda usiofika saa moja, na kwa kuwa chombo kimezungushiwa kizuia joto na hujizima chenyewe kikishafikia mgandamizo, sufuria moja ya maharage haimalizi uniti moja. Kwa mteja wa kundi la D1, yaani wa nyumbani mwenye matumizi madogo, TANESCO hutoza shilingi 100 kwa kila uniti katika uniti 75 za kwanza za mwezi, kabla ya kodi na tozo. Linganisha na makopo ya mkaa unayonunua kwa sufuria ile ile.

Kuna sharti moja ambalo wapangaji wengi hawalijui. Ukivuka uniti 75 ndani ya mwezi, kila uniti ya ziada hutozwa shilingi 350, na anayezoea kuvuka anaweza kuhamishiwa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ambalo ni shilingi 292 kwa uniti tangu ya kwanza. Kwa hiyo nyumba yenye LUKU moja inayochangiwa na wapangaji watatu tayari imeshapoteza nafuu hiyo kabla hata hujaichomeka sufuria. Pamoja na hayo, chombo hiki hutumia takribani wati 1,000 kinapopasha, kwa hiyo kichomekwe kwenye soketi ya ukutani iliyofungwa vizuri na si kwenye waya wa kurefushia ambao tayari umebeba friji na televisheni. Bei ya kukinunua ndiyo kikwazo, sikatai.

Mama Kimara aliandika tena:

Nawashukuru wote kwa kunijibu kwa kina. Kwetu LUKU tunachangia nyumba mbili, kwa hiyo ushauri wa Fundi nitauweka akiba hadi tutakapopata mita yetu. Kikapu nitakianza wiki hii, kwa sababu sufi ninayo kwenye mito ya zamani, na jiko nitalikagua mlango wake kama alivyosema Bi Mkubwa.

Nina maswali mawili kwa Mwalimu. La kwanza, je, naweza kuweka sufuria kikapuni alfajiri ninapoondoka na kuikuta yote ikiwa moto ninaporudi jioni? La pili, mama mkwe amesikia mpango huu na amesema waziwazi kwamba chakula kisichokaa motoni ni kibichi, na kwamba yeye makande ya kikapuni hatakula.

Mwalimu Mstaafu (Dodoma) alijibu:

Kwa swali la kwanza, hapana. Kutoka alfajiri hadi saa kumi na moja jioni ni muda mrefu mno, na joto la sufuria likishashuka chini ya nyuzi 60 vijidudu huanza kuzaliana kwa kasi ndani ya chakula chenye maji kama hicho. Fanya hivi: moto wa chai ya asubuhi ndio uchemshe maharage, yaingie kikapuni kabla hujaondoka, na mama ayatoe mchana. Akifunua, mvuke uwe unapanda na mchuzi uwe moto kiasi kwamba hawezi kuvumilia kuchovya kidole. Yasipokuwa na joto hilo, yarudishwe motoni yachemke kabla ya mtu yeyote kuonja, na ujue kwamba kikapu kina mwanya au sufuria haikujaa vya kutosha. Ya jioni uyachemshe upya ndipo uyaunge kwa kitunguu, nyanya na karoti.

Mama mkwe usishindane naye. Muulize alipokuwa binti walikuwa wakipaliaje wali kwa makaa juu ya mfuniko na kuutoa sufuria ikiwa imeshaondolewa kwenye moto mkali, au kwa nini chai ya kwenye chupa inabaki moto hadi alasiri bila jiko. Kisha umkabidhi yeye kikapu chenyewe akisimamie, kwa kuwa ndiye atakayekuwa nyumbani wakati wa kukifunua.

Kwa makande lakini nitamuunga mkono nusu. Mahindi makavu yenye ganda hayaivi kwa mchemko mmoja na kikapu kimoja. Tumia mahindi yaliyokobolewa, yaloweke pamoja na maharage usiku, chemsha nusu saa, yaingie kikapuni hadi adhuhuri, kisha yarudishwe motoni kwa mchemko mwingine wa robo saa na kurudi kikapuni mpaka saa tisa. Mkaa utakaotumika ni zaidi ya ule wa maharage matupu, ila utakuwa pungufu sana kuliko wa kuyakalia tangu asubuhi. Anza na maharage ya njano kwanza, mama ayaonje, na makande myajaribu siku ya Jumamosi ukiwa nyumbani.